Gia za Hudson, Kutoka Kitale Hadi Norwei

Niliondoka Kitale kwa sababu ya furushi la chuma lenye uzito wa kilo kumi na moja. Nalisema hili mapema kwa sababu tangu nirudi watu wa kwetu wananiuliza kama nilikwenda Ulaya kusoma, au kutafuta kazi, au kuoa. Sikwenda kwa lolote kati ya hayo. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea kwisha nilipotumwa kumpelekea mzee mmoja, ambaye sikuwa nimewahi kumwona, gia za gari bovu.

Mimi ni fundi wa magari. Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na sita katika gereji ya Mzee Harbans, Sikh aliyezaliwa papo hapo Kitale na kurithi gereji kwa baba yake. Kwenye pembe ya uwanja wetu, chini ya mabati, lilisimama gari la Kimarekani aina ya Hudson, pana, la mviringo, mgongo wake umeinama kama wa kobe. Kampuni iliyoyaunda magari hayo ilikwisha kutoweka zamani, na spea zake hazipatikani. Mzee Harbans hakuliuza wala hakulitengeneza. Tulikuwa tumelizoea jinsi watu wanavyozoea kisiki uani. Unakipita kila siku na hukioni.

Mtu pekee aliyekuwa akiliona ni Mwalimu Arne, Mnorwei aliyefundisha ufundi wa vyuma karibu na Bungoma kwa miaka kadhaa. Kila alipopita Kitale alikuja kulizunguka lile gari mikono nyuma, kisha anatushukuru na kwenda zake. Aliporudi kwao akaandika barua. Baba yake, Mzee Torstein, alikuwa na Hudson kama letu, aliloachiwa na marehemu kaka yake. Gia zilikuwa zimevunjika miaka minne iliyopita. Walikuwa wametafuta nyingine mpaka Marekani bila mafanikio. Sasa mzee alikuwa mgonjwa wa moyo, macho nayo yanafifia, na alitaka jambo moja tu: apande gari lile kwa mara nyingine, limfikishe kwenye kaburi la kaka yake. Je, Mzee Harbans angekubali kuziuza gia zake?

Mzee Harbans aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni. Siku ya nne akaniita.

"Wafula, fungua gearbox ya ile Hudson."

"Mzee, tukifungua hii gari haitatembea tena."

"Haitembei."

"Nimwandikie bei gani?"

"Hapana bei. Na posta hapana. Wewe peleka mwenyewe, weka kwa mkono yake."

Nilidhani anatania. Lakini Arne na wenzake wenye magari ya zamani walikubali sharti lile, wakachanga nauli ya ndege, na baada ya miezi miwili tiketi ikaja.

Bungoma, siku mbili kabla ya safari, nilikwenda kumuaga mama. Nilimkuta anapepeta maharagwe. Nilipomweleza aliuweka ungo chini.

"Ati unavuka bahari kuperekea mzungu vyuma? Kwani kwao vyuma viriisha?"

"Ni vya gari la kaka ya mtu, mama. Kaka alikufa, na huyu naye ni mgonjwa. Anataka limpeleke kaburini kwa mwenzake."

Aliangalia upande wa shambani, alikozikwa baba. "Basi perekea yeye," akasema. "Na usichererewe. Mgonjwa si mtu wa kungoja wewe." Akaingia ndani akatoa sweta ya marehemu baba, akaniombea nikiwa nimepiga magoti, na jioni hiyo nikapanda gari moshi la Nairobi.

Uwanja wa ndege wa Nairobi, ofisa wa forodha alilifungua gunia. Grisi ikamjaa vidoleni.

"Hii ni nini, bana?"

"Ni gia."

"Za ndege?"

"Za gari. Lakini gari lenyewe halitengenezwi tena."

"Si basi za nini, kama halitengenezwi?"

"Hiyo ndiyo sababu nazipeleka."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akanipa kipande cha gazeti nimsaidie kufuta grisi kwenye meza yake. Nikapita.

Oslo nilipokelewa na Arne. Alikuwa amezeeka kidogo, lakini Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha darasani, kila neno limepigwa pasi. "Karibu sana, Ndugu Wafula. Baba yangu anakungoja. Hajalala vizuri tangu jana." Tulisafiri kwa muda wa saa tatu kuelekea kaskazini, tukifuata mto. Ulikuwa mwezi wa sita na bado nilihitaji sweta. Niliona nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyekundu, na ng'ombe wa maziwa kwenye malisho ya mteremko, nikakumbuka Endebess, karibu na kwetu Kitale. Tofauti ilikuwa ukimya. Tulipita maili nyingi bila kumwona mtu anayetembea kwa miguu.

Njiani Arne alinieleza jambo ambalo sikulijua. Bonde lile zamani lilikuwa maskini. Mashamba yalikuwa madogo, na vijana waliondoka kwa maelfu kwenda Marekani. Wengi hawakurudi. Wachache waliorudi, hata kwa matembezi, walikuja na gari melini, na siku hiyo kijiji kizima kilisimama barabarani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa vigumu hata kupata kibali cha kununua gari, kwa hiyo gari la Kimarekani lilimaanisha kwamba una ndugu ng'ambo aliyekukumbuka. Ola, kaka ya Mzee Torstein, aliondoka akiwa kijana, akafanya kazi ya kuchonga vyuma kiwandani zaidi ya miaka ishirini, akarudi na Hudson. Aliishi misimu miwili tu ya baridi, kisha akafa.

Tulifika adhuhuri. Mzee Torstein alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni mwa ghala, blanketi miguuni. Nilikumbuka maneno ya Mzee Harbans. Nikafungua gunia na kuweka gia moja juu ya viganja vyake. Aliipapasa jino kwa jino, kama mtu anayehesabu tasbihi. Akasema kitu kwa lugha yake.

"Anauliza kama una njaa," Arne alinitafsiria.

Ndani ya ghala niliiona Hudson yao. Ilikuwa dada ya ile yetu, ila usukani wake uko kushoto na rangi yake iling'aa kama kikombe. Kando yake, kwenye rafu, palikuwa na daftari nene. Arne alinifungulia. Hayakuwa maandishi ya matengenezo. Yalikuwa majina: nani aliendesha, bibi harusi gani alibebwa, nani alitolewa hospitali na mtoto mchanga. Aliniambia kila mmoja wa wenzake ana daftari kama hilo.

Jumamosi wenzake hao walikuja. Walikuwa wakulima, mwuza mbao, mama mmoja mkunga. Magari yao yakateremka bondeni polepole, moja nyuma ya jingine: Packard, Studebaker, Nash, DeSoto. Majina yote hayo yamekufa huko yalikozaliwa. Nilitarajia kelele na majivuno. Badala yake waliegesha kwa utaratibu, wakazima injini, wakasimama wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu waliokuja kutoa pole. Walitupa kahawa na chapati zao nyembamba zilizopigwa chapa ya maua, pamoja na jibini ya rangi ya kahawia yenye utamu.

Kazi ikaanza, na taabu pia. Gia ziliingia vizuri, lakini shafti yetu, chuma kinachozibeba, ilikuwa nyembamba kidogo upande wa nyuma kuliko yao iliyovunjika, ikawa inacheza. Mwenye Packard, mtu mrefu mwenye heshima zake, alitikisa kichwa. Arne akanitafsiria kwamba yeye anaona tungoje mpaka ipatikane shafti ya asili kabisa. Kuweka kitu kisichotoka kiwandani ni kuliharibu gari.

"Muulize hiyo inaweza kuchukua muda gani," nikasema.

Walishauriana. "Labda mwaka. Labda zaidi."

Nilimtazama Mzee Torstein mlangoni, midomo yake ilivyokuwa ya samawati. "Kwetu Kitale fundi hangoji," nikasema. "Nipeni kipande cha shaba, nichonge bushi, pete ya kuziba hiyo nafasi. Itakaa."

Mwenye Packard hakukubali, nami sikumlaumu. Alikuwa analinda kitu. Ndipo mzee akanena kutoka kwenye kiti chake, maneno machache tu. Arne akageuka kwangu.

"Anasema Ola alikuwa mchongaji. Anasema chonga."

Nilichonga siku mbili. Bushi ya kwanza ilitoka kubwa, nikaitupa. Ya pili ilikaa. Mwenye Packard mwenyewe ndiye aliyenishikia taa nilipokuwa chini ya gari, na tulipomaliza alinifuta grisi usoni kwa leso yake.

Jumanne asubuhi tukaondoka. Arne aliendesha, mzee akakaa mbele, mimi nyuma. Gari liliingia gia ya kwanza, ya pili, ya tatu bila kulalamika. Mzee alikuwa ameweka mkono juu ya dashibodi, macho ameyafumba. Pale juu, kwenye kanisa jeupe la mbao, tulimshika mabega mpaka kaburini. Alivua kofia. Alizungumza na kaka yake kwa muda mrefu, na Arne hakutafsiri, nami sikutaka atafsiri.

Kisha mzee alinigusa mkono wa sweta. Aliniuliza, kupitia kwa mwanawe: "Na lile la kwenu, lilikuwa likiwabeba akina nani?"

Nilikuwa najua kila nati ya gari lile. "Sijui," nikasema.

"Mwenyewe yu hai?"

"Yu hai."

Hakunikemea. Aliyaelekeza macho yake yaliyofifia mahali ilipotoka sauti yangu. "Basi muulize."

Kitale, juma lililofuata, nilimkuta Mzee Harbans uwanjani akinywa chai. Nilimsimulia yote, naye alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye swali la yule mzee nikalirudia kama lilivyokuwa. Aliweka kikombe chini.

"Mimi ilikuwa miaka kumi na mbili," akasema. "Mama alishikwa na uchungu ya mtoto ya tano. Alikuwa mbaya sana. Baba akaweka yeye kwa gari, nyuma, sisi wote ndani, kwenda Eldoret. Ilikuwa mvua kubwa. Ile barabara wakati ile ni matope tupu. Gari ikazama. Tukasukuma, watu wa shamba wakakuja, wakasukuma. Ilipotoka, mama amekufa. Mtoto pia."

Nilikaa chini karibu naye.

"Baba akageuza, akarudi polepole. Akaweka gari hapo pembe, akatoa ufunguo. Akasema hii gari haitembei Kitale tena. Hakuna mtu aliuliza yeye kitu. Mpaka alikufa."

"Mzee, sasa kwa nini ulitoa gia?"

"Alisema haitembei hapa. Hakusema haitembei mahali ingine." Alitazama mikono yake. "Mama hakufika. Hiyo gia imefika."

Niliona aibu iliyonichoma. Kiti cha nyuma cha gari lile nilikifungua mimi mwenyewe katika mwaka wangu wa pili, nikakiweka ukutani kiwe benchi la wateja. Nilikuwa nimelala juu yake saa za chakula mara zisizo na idadi, na mzee hakuwahi kunikataza. Mchana ule nilikibeba, nikakipiga brashi na sabuni, nikakianika. Kilipokauka nikaanza kukirudisha. Mzee Harbans alikuja bila kuitwa, akaingia upande wa pili, akashika spana. Tulikaza nati nne.

Tangu hapo, gari la zamani likiletwa kwangu, kabla sijainua boneti namwuliza mwenyewe limembeba nani. Wengine hucheka. Wengine hukaa chini, wakaanza kusimulia, na kazi ikangoja.

Siku ile niliyokirudisha kiti nilimwuliza Mzee Harbans jina la mama yake, nikamwandikia Arne barua yenye jina hilo na kisa chake. Jibu lilikuja mwishoni mwa mwaka. Mzee Torstein alikuwa amefariki, kwa utulivu, nyumbani kwake. Lakini barua yangu aliipata akiwa hai, akasomewa mara mbili, na akaamuru kwamba katika daftari, chini ya jina la Ola, liandikwe la Basant Kaur wa Kitale.

Nilimsomea Mzee Harbans barua ile tukiwa wawili ofisini. Alivua miwani. Akaniomba nirudie pale penye jina. Nikarudia.