Moto ni Mgeni, Mwandalie Kiti

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya mvua kwenye barabara ya Kirumba, na kila nikiikumbuka kifua hunitanuka.

Niliacha shule mapema. Miguu yangu ilikataa kukaa chini ya benchi. Nilizunguka miji ya Butembo, Beni, Mbau, bila mzigo wala biashara, nikiuliza juu ya kila nilichokiona: hiki kinafanyaje kazi? Waliotutangulia walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mimi niliokota elimu ya moto.

Kwetu mtu hapungukiwi moto. Jiko likizimika, unachukua kigae, unaenda kwa jirani, naye anakupa kaa jekundu bila kukuuliza. Ni desturi nzuri, wala siisemi vibaya. Lakini imetuzoeza kupanda gari kana kwamba jirani atakuwa juu ya kila kilima. Mimi nililiona hilo nikiwa bado kijana, nikaanza kutumbukiza vibiriti ndani ya beseni la maji uani kwa koko wangu, nyanya aliyenilea, ili nijue kipi kitawaka kikitolewa.

Koko alivunjika mbavu kwa kicheko. “Batu banapika sombe, weye unapika vibiriti!”

Vilivyoshinda nilivitia katika kopo dogo la dawa lenye kifuniko cha kuzungusha: njiti nilizochovya vichwa katika nta ya mshumaa, kipande cha ubavu wa boksi la kibiriti wa kukwaruzia, na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Nililivisha kopo hilo kamba, likaning’inia kifuani chini ya shati. Vijana wenzangu waliniuliza kama ni hirizi.

Siku hiyo lori la Mzee Ramazani lilizama katika matope huko juu kwenye baridi, mahali pasipo nyumba. Sisi abiria tulikuwa tumelowa juu ya magunia. Kati yetu alikuwamo Masika, mama kijana mwenye mtoto mchanga mgongoni. Mtoto alilia njia nzima, kisha akanyamaza. Mama Katungu, mchuuzi wa maharagwe aliyetuzidi wote umri, akamshika mguu.

“Huyu mutoto ni baridi kama samaki,” akasema. “Tutafute moto, mbio!”

Kila mtu akatoa chake. Mzee Ramazani alikuwa na kibiriti cha petroli kinachong’aa kama kioo, lakini petroli ilikuwa imekauka zamani. Wengine walikuwa na brike, vile vibiriti vya gesi vya dukani. Gurudumu limelowa, gesi imelala kwa baridi. Njiti za mmoja ziligeuka uji vidoleni mwake.

“Papa, kibiriti yako ni ya kuvaa na kostimu tu!” mtu akamtania dereva, kana kwamba ni pambo la suti. Hakuna aliyecheka. Midomo ya mtoto ilianza kugeuka rangi.

Ndipo nilipolitoa kopo langu. Njiti ya kwanza ikawaka! Watu wakapiga kelele, nami nikaiinua juu kama padri na mshumaa wa Pasaka. Ikaungua mpaka kwenye kucha, ikazimika.

Mama Katungu akanitazama. “Kijana, moto ni mugeni. Unamuita mbele ya kutafuta kiti, ataikala wapi?”

Neno hilo sijalisahau. Akatoa panga lake. Dereva akatandaza turubai kutoka ubavuni mwa gari hadi kwenye mkaratusi, wengine wakaburuta matawi yaliyokufa. Mama Katungu akayapasua: nje yamelowa, moyoni makavu. Akachonga vibanzi vyembamba, mimi nikapanga vipande vya mpira chini yavyo. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nikawasha tena, na safari hii mgeni alikuta kiti.

Moshi wa mpira ulipokwisha, Masika akasogea. Alimvua mtoto nguo mbichi, akamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, akafunikwa vitenge tulivyovikausha kwenye joto. Tulingoja. Kisha mtoto akapiga kelele ya hasira, ile ya mtu aliyeamshwa bila ruhusa.

“Aksanti Mungu! Atukane tu!” Mama Katungu akasema.

Mwanangu, akiba haiozi. Usichague kiwashio kwa kung’aa kwake. Kijaribu nyumbani, kikiwa kimelowa. Beba vya aina mbili, kimoja kikigoma kingine kifanye kazi. Brike iweke karibu na mwili, maana gesi hupenda joto. Njiti zivishe nta, zifunge pasipoingia maji, uzivae. Usizitupe juu ya gari pamoja na magunia. Mpira ni wa kuanzishia tu, moshi wake si wa kuvutwa. Na kabla ya yote, tafuta moyo mkavu wa kuni ndipo uwashe.

Yule mtoto leo ni mwanamume, anaendesha pikipiki kule mtaa wa Ruwenzori, mjini Beni. Akinipita husimama, abiria wake anune akitaka, anauliza: “Papa, kopo iko?” Nami ninamuuliza lake, maana naye huvaa kopo kama langu. Tunayatikisa yote mawili, njiti zinalia kavu, anaondoka.

Nenda nawe, mwanangu. Mungu akulinde vilimani, mikono yako isikose joto, na popote gari litakapozama, wewe uwe jirani mwenye kaa.