Kanda Katika Shamba la Wimbi

Alikuja kwetu mwaka uliofuata vurugu za uchaguzi, wimbi likiwa limeanza kutoa masuke. Nilimtambua kwa mwendo, kwa maana gitaa hakuwa nalo. Zamani alikuwa jirani yetu hapo Langas, na Eldoret nzima iliijua albamu yake ya kwanza. Ilipigwa hata kwenye harusi za watu wasioelewa lugha yake. Ya tatu haikupigwa popote. Ilikuwa sauti yake na gitaa tu, nyimbo za polepole kuhusu nguo zilizokataa kukauka, kuhusu ng'ombe asiyekubali kukamuliwa na mgeni. Mimi niliinunua kanda yake. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba, nikawa mtu wa kuzunguka na malori, lakini kila niliporudi nilimwendea na maswali. Neno hili maana yake nini? Kidole hiki kinafanya nini hapa? Alinivumilia.

"Kijana, ile kanda bado uko nayo?" aliniuliza kabla hata ya kuketi. Zake ziliungua na nyumba. Studio nayo ilikuwa imefuta ya kwao na kurekodi mtu mwingine juu yake. "Nimeuliza kila mahali. Umebaki wewe."

Nilijua ilipo. Niliporudi safari baada ya ghasia niliikuta shambani nyuma ya nyumba, na sikusema kitu. Siku zile hakuna aliyetetea wimbo wa lugha ile.

Mama alinitangulia kujibu. "Iko kwa shamba, Mzee. Vijana walikuwa wanaingia nyumba kwa nyumba. Wangepata hiyo lugha hapa, wangetuchomea. Nikatoa ule utepe, nikaona badala ya kutupa, wacha ufukuze ndege."

Tukaenda kuuona. Ulikuwa umefungwa kigingi hadi kigingi, ukimetameta juu ya wimbi, na upepo ulipopita ukatoa mvumo. Aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Na ndege wanaogopa?"

"Ai, sana! Mwaka huu hawajagusa."

"Kumbe naimba vibaya hivyo."

Wakacheka wote wawili. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Nikasema nitaufungua wote, niuzungushe kwa kalamu, urudi ndani ya kasha lake. Nilisema harakaharaka. Yeye akaupitisha utepe katikati ya vidole. Ile rangi ya kahawia inayobeba sauti ikambakia mkononi kama vumbi.

"Wacha," akasema.

Akaomba kisu. Akakata kipande cha urefu wa mkono, akakizungusha kidoleni kama anayekunja waya wa gitaa, akakitia mfuko wa shati.

"Usikate mingi, Mzee," mama akasema, kwa upole kabisa. "Wimbi haijakomaa."

"Hii inatosha, Mama."

Aliponiaga aliniuliza malori siku hizi yananifikisha wapi. Nikamwambia Malaba, wakati mwingine Juba. Mimi niliyezoea kumuuliza kila kitu, sikumuuliza yeye analala wapi.