Pua ya Mbah Karsono

Pale Klaten, kisiwani Java, ukitaja gereji ya Mbah Karsono, hakuna anayekuuliza habari za spana zake. Watu wanaulizia pua. Mbah ni babu, na babu huyu wa mtaa mzima alikuwa akichuchumaa nyuma ya gari linalonguruma, anavuta moshi taratibu kama mtu anayenusa mchuzi wa jirani, kisha anautaja ugonjwa. Na alikuwa akipatia. Magari yalitoka mpaka mji wa Solo kuja kunuswa, na mzee alikuwa na majivuno yake, tusifichane.

Halafu ikaja homa, ikamlaza, ikaondoka na pua. Hakusikia tena harufu ya petroli, wala ya tempe, ile soya ya kukaanga, inayoungulia jikoni, wala ya mvua. Hakumwambia mtu. Ungekuwa wewe ungesema? Aliendelea kuchuchumaa na kuvuta pumzi, huku akiiba kwa macho rangi ya moshi na kutega sikio kwenye injini, na mara nyingi akapatia vilevile.

Ndipo Bu Winarti, yaani Mama Winarti, mkunga, akaleta gari lake dogo. Taa ya injini ilikuwa inawaka, mafuta yanakwisha ovyo, na kila akipunguza mwendo linamzimikia.

"Mbah, hebu linuse hili jinga. Litaniua mimi na wagonjwa wangu."

Mzee akachuchumaa, akafumba macho, akavuta pumzi. Kisha akafungua plagi moja. Nyeusi tii.

"Plagi hizi, Bu. Zimechoka kuliko mimi."

Wateja wakacheka. Sulasih, bintiye, ambaye siku hizi ndiye anayefanya kazi nzito, alikuwa ameshachomeka mashine ya kupimia. Kioo kilimwambia waziwazi: sensa ya oksijeni, kile kipima hewa cha kwenye bomba la moshi. Akaichomoa mashine, akairudisha kabatini bila neno. Baba ameshasema mbele ya mteja, na kwa Wajava mtoto hafungui mdomo hapo. Bu Winarti naye alikunja pua kidogo, akaonekana kama anataka kuuliza kitu, akasema tu, "Asante, Mbah." Akaondoka na plagi mpya.

Kesho yake gari lilirudi likivutwa kwa kamba.

"Lilizimika juu ya reli," Bu Winarti alisema. Alisema kwa upole, maana hasira ya huko haipigi kelele. "Nyuma nimempakia mama mwenye uchungu. Kengele inalia, vizuizi vinashuka. Wauza supu wa pale kando wakaacha masufuria yao, wakatusukuma. Treni ikapita mgongoni kwetu."

"Huyo mama?" mzee aliuliza.

"Mzima. Na mtoto mzima, wa kike. Ila mikono yangu, Mbah, tazama, mpaka sasa inatetemeka."

Hakumlaumu hata kidogo. Mzee angefurahi zaidi kama mkunga angemzaba kofi.

"Sulasih," akaita. "Leta mashine."

Safari hii hakwenda nyuma ya gari. Waliliwasha, wakaiacha injini ipate moto vizuri, kisha wakapima umeme unaotoka kwenye sensa. Sensa iliyo nzima haitulii, namba zake hupanda na kushuka muda wote. Hii ilikuwa imelala chini. Mzee akaziba nusu ya njia ya hewa kwa kitambaa ili mafuta yazidi hewa. Injini ikakohoa, moshi ukatoka mweusi, namba zikabaki palepale.

"Imekufa," alisema. "Hii ndiyo pua ya gari. Inaiambia kompyuta kwamba mafuta hayatoshi, na kompyuta inaiamini, inazidi kumwaga." Nadhani hapo ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe.

Wakasubiri bomba lipoe kidogo, wakapulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina la sensa, mzee akavuta spana huku Sulasih akimulika. Ikatoka imeganda masizi. Mpya walianza kuifunga kwa vidole bila kugusa ncha yake, wakaikaza, wakachomeka waya na kuifuta ile hitilafu kwenye mashine. Taa ikazimika. Namba zikaanza kucheza, na injini ikatulia hata ikiachwa bila kukanyagiwa mafuta.

Mzee alijifuta mikono muda mrefu, mpaka kukawa hakuna cha kufuta.

"Bu Winarti," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu pale. "Mimi sinusi. Tangu ile homa. Jana nilikuigizia tu."

Bu Winarti akatazama chini.

"Nilijua, Mbah. Petroli ilikuwa inanuka mpaka kwenye shungi langu, na wewe hukuitaja. Nikaona aibu kukusahihisha."

Mzee akamgeukia bintiye. "Na wewe?"

"Mashine iliniambia, Baba." Machozi yalikuwa yanamtoka Sulasih. "Na hilo la pua nimelijua siku nyingi. Mtaa mzima unajua. Tulikuwa tunakulindia jina."

Mbah Karsono akakaa juu ya tairi kuukuu. Yeye alidhani anawaficha, kumbe ndiye aliyefichwa, na kwa mapenzi. Alimtazama mkunga, na ile mikono yake.

"Jina langu," alisema, "sikusikia kwamba lilikuwepo pale relini likisukuma gari."