Chupa ya Dani

Chumba cha nyanya yangu kilinuka kidonda na sabuni ya kipande. Nilikuwa na miaka tisa, na mvua ilikuwa imegeuza udongo mweusi wa kijiji chetu, Pap Onditi, kuwa matope ya kung'oa viatu. Nyanya, tuliyemwita Dani, alikuwa ameletwa nyumbani kutoka hospitalini Kisumu, kwa kuwa saratani ya titi ilikuwa imeenea na yeye aliapa hatafia mjini. Muuguzi alituachia chupa ya mofini, dawa ya maji iliyo chungu ya kutuliza maumivu, akamfundisha mama kuipima kwa bomba la sindano kila baada ya saa nne.

Shangazi Akinyi hakuitaka. Alisema tunamharakisha Dani na kazi hiyo ni ya Mungu. Mama alimjibu kwamba kumtuliza mtu si kumuua. Walinuniana wiki nzima, na ni katika ugomvi huo nilipomsikia shangazi akisema kwamba aliyejiua hazikwi ndani ya boma, hutupwa nje ya ua bila kuliliwa.

Siku moja mchana, mama akiwa sokoni, Dani aliniita.

"Nyathina, mtoto wangu, niletee hiyo chupa yote," alisema. "Mimi nimechoka."

Nilielewa, sikuwa mjinga. Kaburi la babu lilikuwa pale mbele ya nyumba, na nafasi ya Dani kando yake. Nikamwona akilini amezikwa nje ya ua, peke yake, ng'ombe wakimkanyaga. Nikaibeba chupa mpaka chooni nikaimwaga yote, nikaona nimemwokoa. Mama aliporudi nilimwambia ilianguka ikamwagika.

Mafuriko yalikuwa yamefunga barabara, na muuguzi hakuweza kufika. Dani alilia kwa maumivu siku mbili. Siku ya pili shangazi, yeye aliyeichukia dawa ile, alikuja jikoni akashika mlango.

"Hata kidogo haikubaki?" aliuliza.

Dani alizikwa kando ya babu, akaliliwa vizuri sana. Sikuweza kulia.

Sasa mama anaugua ugonjwa uleule, nyumbani kwangu Kisumu. Siku hizi hakuna anayebishana juu ya mofini. Hata shangazi hupiga simu kuuliza kama ipo ya kutosha. Juzi mama alinitazama nikipima.

"Ile ya Dani haikuanguka, sivyo?"

Nikakubali kwamba niliimwaga.

"Basi yangu usimwage," alisema.

Tangu siku hiyo, kila nikishampa dawa nasimama mlangoni na chupa mkononi, nisijue kama niiache mezani karibu naye au niondoke nayo.