Mshale Kwenye Ukingo wa Ungo

Mimi husuka nyungo hapa Busia, karibu na foleni ya malori yanayoingia Uganda. Shule niliachia kidato cha pili. Aliyefika chuo kikuu ni mdogo wangu, na kichwani nilishamfanya injinia wa kuzuia mto Nzoia usizoe tena nyumba za Budalang'i. Hata rangi ya kofia yake ya kazi nilikuwa nimeshachagua.

Siku moja akaja kibandani kwangu na daftari. Hesabu ilikuwa imemwangusha mara mbili. Akianguka ya tatu, anafukuzwa.

"Dada, hiyo ungo yako ni nadharia ya Stokes kabisa," alisema siku ya pili. Akanieleza: maji yakizunguka-zunguka juu ya uso mzima, huna haja ya kuyapima kila mahali. Fuata ukingo tu, ujumlishe yanavyokusukuma njiani, na jibu ni lile lile. Uso uwe bapa, uwe na tumbo, mradi ukingo ni ule ule.

Nilifurahi kama mtoto. "Sasa unazungukia upande gani?"

"Hapo ndipo mimi huanguka. Ukikosea upande, jibu linakuwa hasi."

Akainua kidole gumba cha mkono wa kulia, kikielekea juu kutoka kwenye uso. Vidole vingine vikajikunja kuonyesha njia. Mkono wangu, uliokuwa ukifunga ukingo, ulikuwa ukienda vivyo hivyo. Akachora mshale pale pale kwa kalamu.

Mteja wangu wa Uganda akacheka. "Nyabo, huyu boss anataka kununua ungo ama kuoa?"

Mdogo wangu akarudi na ungo huo chuoni.

Alipokuja tena alikuwa na vitu vyake vyote kwenye begi; alikuwa ameanguka mara ya tatu. Alikuwa ameomba kuonyeshwa karatasi yake ya mtihani. "Maswali mawili, dada. Hesabu zote sawa, ila mbele ya jibu kuna alama ya kutoa."

Nikautoa ungo kwenye begi, nikauweka chini. Mshale ulikuwa unaenda kinyume. Sisi wasukaji hufunga ukingo ungo ukiwa umepinduliwa magotini, mgongo juu. Aliuchora mshale ungo ukiwa hivyo, halafu huko chuoni akauweka ungo mezani ukitazama juu, akaukariri mshale.

"Ni mimi niliyeupindua," nikamwambia.

"Wacha, dada. Kidole gumba nilikuwa nacho."

Akaketi, akaomba kisu, akaanza kupasua matete ya kusukia. Aliyapasua vibaya sana. Nikamwacha aendelee.