Mkopo Uliomsubiri Mgeni Rasmi

Tulikuwa wanafunzi tisa wa chuo, na wote tisa tulikuwa viongozi. Mwenyekiti, makamu wake, katibu, naibu katibu, mweka hazina, msemaji, mratibu, mtu wa nidhamu, na mmoja aliyechelewa kufika kwenye uchaguzi tukampa cheo cha mlezi wa wanachama, wanachama ambao hatukuwa nao. Mimi nilikuwa katibu. Cheo kilinikaa vizuri mno. Nilinunua daftari lenye jalada gumu na nikachongesha mhuri pale Maili Moja kabla hatujawa na hata senti ya kumkopesha mtu.

Nia yetu, msinicheke, ilikuwa kuwakomboa akina mama wa vijijini kwa mikopo midogo midogo. Tulikuwa tumesoma somo hilo muhula mmoja mzima, na mwalimu alituambia vijana wa siku hizi hatuthubutu. Basi tukathubutu. Kila Jumamosi tulikutana Mkuza, kwenye kibaraza cha kaka yake mwenyekiti, tukanywa soda za mwenye nyumba na kujadili umaskini. Vikao viwili viliishia kwenye katiba. Cha tatu kiliishia kwenye rangi ya fulana. Mweka hazina, dada mmoja asiyependa maneno mengi, aliuliza mara mbili kwamba sasa tunamkopesha nani, tukamwambia asiharakishe mambo.

Pesa ilitoka mifukoni mwetu, hilo lazima niliseme. Kila bumu lilipoingia, ile pesa ya kujikimu ya wanafunzi, kila mtu alikata fungu lake na kurudi kwenye ugali maharage mapema kuliko kawaida. Michango yote ikakaa kwenye simu ya mweka hazina. Haikuwa nyingi, lakini ilitosha kumwinua mama mmoja, pengine wawili.

Tukachagua Maneromango. Mtu angeuliza kwa nini tuliruka Kibaha nzima tulikokuwa tunaishi, tukaenda kusaka maskini Kisarawe. Jibu ni rahisi. Wanawake wa Kibaha wana vikoba vyao, vikundi vya kuweka na kukopeshana, wengine wamo kwenye vitatu kwa mpigo, na wangetuuliza maswali magumu. Halafu mwenyekiti alisema picha za kijijini zinatoka vizuri zaidi. Tukashika njia ya Mlandizi, tukapanda bodaboda, tukapita Mzenga tumejaa vumbi mpaka kwenye kope, na tukafika tukiwa na sura za watu waliojitolea kweli.

Huko tukampata mama mmoja mshonaji. Alikuwa na fremu ndogo kando ya barabara, chumba kimoja cha biashara chenye mlango wa bati, na ndani yake cherehani moja ya miguu. Tulimwamkia, akaitikia marahaba tisa bila kuruka hata mmoja wetu, kisha akatuuliza shida yetu. Mwenyekiti alizungumza kama robo saa hivi kuhusu uwezeshaji. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, wanangu," akasema. "Mimi langu ni fupi. Shule zinafunguliwa Januari. Wazazi wameuza korosho, kila mtu atanilipa siku anayochukua sare ya mwanawe. Watoto nimeshawapima. Kitambaa ndiyo sina. Mkinipa mwezi ujao, wa kumi na mbili, hela ya majora mawili, jeupe na la bluu, nashona, nawarudishia chenu, na mwenye fremu nampa kodi yake ya miezi sita. Nisipompa mwisho wa Januari, ananitoa."

Akatuonyesha daftari lake. Majina ya watoto, kiuno, bega, urefu wa mkono, yote kwa penseli. Ndiyo biashara iliyopangwa vizuri kuliko zote nilizowahi kuona, pamoja na ile tuliyofanyia mtihani. Tukarudi Kibaha, tukamkubali kwa kauli moja. Kilichobaki ilikuwa kumpa pesa.

Hapo ndipo tulipoonyesha usomi wetu. Mwenyekiti alisema hatuwezi kutoa mkopo wa kwanza kienyeji, kama watu wanaokopeshana sukari. Lazima kuwe na uzinduzi. Na uzinduzi usio na mgeni rasmi, jamani, ni nini kama si pikiniki? Mjomba wake alikuwa anafahamiana na mkubwa mmoja, cheo chake nakihifadhi. Nikaandika barua, nikaigonga mhuri mara mbili ili isisahaulike. Mkubwa akakubali Jumamosi ya pili ya Desemba. Tukaagiza hundi ya mfano, ubao mrefu kama mlango wenye jina letu kwa herufi kubwa.

Siku mbili kabla ya tarehe, mjomba akapiga simu. Mheshimiwa ametingwa. Tukasogeza wiki moja. Akatingwa tena. Ikaingia Krismasi, na nani anazindua kitu wakati wa Krismasi?

Mama wa Maneromango akawa ananipigia mimi, maana namba iliyokuwa kwenye barua niliyompelekea Novemba, ya kumjulisha kwamba amekubaliwa na maneno ya kusema siku ya uzinduzi, ni yangu. "Mwanangu, lile suala letu limefikia wapi?" Nikawa namjibu kwamba mchakato unaendelea. Lile neno lilinitoka kwa ulaini hata nikajishangaa. Alikuwa anasema haya, nashukuru, na kukata.

Kwenye kikao cha mwisho wa mwaka, mweka hazina alizungumza bila kuombwa. "Hela iko kwenye simu yangu. Nimtumie mama leo, anunue kitambaa. Siku ya uzinduzi tutampa bahasha yenye karatasi. Nani atajua?"

Ningependa kuandika kwamba mwenyekiti ndiye aliyekataa. Hapana. Nilikuwa mimi. Nikasimama na daftari langu nikauliza, sasa mheshimiwa atakabidhi nini, karatasi? Tutamdhalilisha mgeni rasmi mbele ya umma? Nikataja utaratibu, nikataja uwazi, nikataja kifungu cha katiba nilichokitunga mwenyewe mwezi Oktoba. Wakanipigia makofi. Mweka hazina akainamisha kichwa kwenye simu yake.

Januari shule zikafunguliwa. Mama alipiga mara moja zaidi, katikati ya mwezi. "Usijali, mwanangu, nilikuwa nauliza tu." Baada ya hapo hakupiga tena, na mimi, kwa akili zangu timamu, nikafurahi kwamba amekuwa mvumilivu.

Mheshimiwa alipata nafasi katikati ya Februari. Tulikodi turubai na spika pale Maneromango, tukapika pilau, tukaweka maji ya chupa kwenye meza kuu. Alifika akiwa amechelewa kwa saa tatu na kutusifu kwa kujali muda. Watoto wa shule waliletwa kuimba. Walikuwa na sare mpya, zile za kununua dukani Mlandizi, mikono ya mashati imefunika vidole. Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele na fulana yetu juu ya gauni lake. Niliona anavyowaangalia wale watoto, mabegani, viunoni, na bado sikuelewa.

Akaitwa. Akashika upande mmoja wa ule ubao, mheshimiwa upande wa pili, picha zikapigwa. Mheshimiwa akampa na bahasha yenye hela yenyewe, kisha akamwekea kipaza sauti mdomoni. "Mama, mkopo huu utaufanyia nini?"

"Nitanunua vitambaa," akasema, neno kwa neno kama nilivyomwandikia Novemba, "nishone sare za watoto wetu."

Makofi yakavuma mpaka mheshimiwa mwenyewe akasimama.

Watu walipohamia kwenye pilau, mama alinivuta nyuma ya turubai akaniwekea bahasha mkononi. Ilikuwa haijafunguliwa.

"Fremu nilishatolewa, mwanangu. Cherehani iko nyumbani, natia viraka tu. Hii mpeni mwenye kazi nayo. Nikiichukua nitaila, halafu nitawalipa nini?"

Nikamuuliza kwa nini basi alikuja, kwa nini alisema vile mbele ya watu. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyemwaga mboga.

"Mngeadhirika. Ninyi ni watoto."

Niliona aibu. Nilitaka kupiga magoti. Badala yake nilifungua daftari nikamwomba asaini kwamba amerejesha, akasaini, akaenda zake bila hata kula.

Ripoti ya mwaka niliiandika mimi. Humo yeye ndiye mkopaji wetu wa kwanza, na amerejesha mkopo wote siku ileile aliyoupokea, bila usumbufu wowote. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti kibarazani akasema hao ndio watu wa kukopesha. Wakapiga makofi wote isipokuwa mweka hazina, na mimi nikapiga nao.