Picha ya Mama na Mkwewe

Mume wangu Paskali ni mpiga picha, na mimi nimechoka naye. Nasema ukweli tu. Hapa Kinampanda kila mtu ana simu, nani atamfuata fundi wa picha? Zimebaki za pasipoti, tena mpaka shule zifunguliwe. Asubuhi analima alizeti, jioni anazunguka na kamera shingoni, anarudi mikono mitupu, na mimi namsema mpaka usingizi unanipitia.

Mwaka jana padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao alimwachia kamera ya filamu, lisanduku zito lenye macho mawili, moja juu ya lingine. Hiyo huinyanyui usoni. Unaiweka tumboni, unainama, unachungulia kwa juu kama mtu anayetazama kisimani. Filamu yake inaagizwa Dar, na inatoa picha kumi na mbili tu. Nikamwambia haya, umepata mke wa pili.

Lakini mama yangu, ambaye nyumba yake na yetu zinatazamana, alikuwa anaumwa, na alitaka picha ya karatasi ya kutundikwa ukutani karibu na ya marehemu baba. Ya simu hakutaka hata kuisikia, tangu mjukuu wake alipomrusha kwenye status bila kitambaa kichwani. Sasa Paskali angempigaje? Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Wanasalimiana kwa mbali, macho chini. Tangu anioe hawajawahi kukaa benchi moja. Kumbe kamera ile ndiyo dawa, maana anayepiga anainamisha kichwa kwa heshima zote. Mama mwenyewe akakubali.

Siku ya kupiga, Paskali alikaa kwanza yeye kwenye benchi nje ya nyumba ya mama, akanionyesha pa kubonyeza, aone kama kamera inafanya kazi. Nikabonyeza. Sasa kamera hiyo, ukishapiga, lazima uzungushe kitasa kwa mkono ndipo filamu isogee. Usipozungusha, picha ya pili inaangukia juu ya ile ya kwanza. Mama akatokea mlangoni na mkongojo wake, Paskali akaruka pale kwenye benchi, jasho linamtoka, kitasa akakisahau. Mama akapigwa moja, akasema inatosha, mgongo unamuuma. Zilizobaki Paskali akazimalizia shambani.

Picha ziliporudi kwa basi kutoka Dar zilikosafishwa, mama alikuwa hawezi tena kukaa. Alizeti zilitoka safi. Ya mama, jamani! Mama kakaa, na Paskali kakaa ndani yake, uso wake juu ya kifua cha mama mkwe. Aibu gani hii! Nilimsema siku nzima. Kurudia haiwezekani, mama aligoma kupigwa akiwa amelala. Nilitaka kuificha, ila aliiulizia kila alipoamka.

Basi nikampelekea. Paskali alibaki nje karibu na dirisha, maana mkwe haingii chumba hicho. Mama akaisogeza machoni, akaitazama muda mrefu.

"Huyu ndiye mkwe wangu?"

Nikasema ndiye, nikaanza kumwombea msamaha. Akanikatiza.

"Sijawahi kumwona uso. Kumbe amechoka hivi." Akanirudishia picha. "Itundike hivyo hivyo. Na wewe Evodia, mwache mwanangu apumzike."

Pale dirishani nikamsikia Paskali analia. Mama naye alimsikia, akageukia ukutani ili asimwaibishe.